Maswali na majibu: Kadi ya biharusi italala wapi?

Tangu nilipoandika juu ya picha za harusi upande wa wanawake, barua nyingi zilizonifikia zimeuacha ukumbi na kuingia chumbani. Wake kwa waume wanauliza namna ya kumpata mtu wa kuwapiga picha za faragha, zile ambazo hazikusudiwi kuonwa na yeyote isipokuwa mume na mke, bila ya kujikuta siku moja wanazungumzwa barazani. Kama jambo lenyewe linafaa au halifai kidini, hilo lina wenyewe na wapo. Mimi nilishika kamera miaka mingi katika kumbi za wanawake za Unguja na Pemba, na ninajibu lile ninalolijua.

*Naolewa mwezi wa Shaaban na ninataka kumzawadia mume wangu picha chache za chumbani. Nimempata mpiga picha mwanamke, kila mtu anamsifu. Je, nimwamini? (Msomaji, Mwanakwerekwe)*

Mwanangu, swali hili huniletea watu kila wiki kwa maneno yale yale, na kila wiki hulijibu kwa kuuliza langu: kadi ya kamera, ile inayohifadhi picha, italala wapi usiku huo? Mpiga picha mwanamke anaondoa tatizo moja tu, la jicho lililomo chumbani. Tatizo la nakala linabaki vile vile, kwa sababu picha moja haikai pahala pamoja. Kamera nyingi za kazi zina nafasi mbili za kadi, na zikipangwa hivyo huandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Kamera hizo hizo huweza kuunganishwa na simu kwa waifai zikawa zinaipelekea simu nakala ndogo ndogo wakati kazi inaendelea. Kisha kadi hutiwa kwenye kompyuta, kompyuta huhamishia kwenye diski ya kubebea, na pengine kwenye hifadhi ya mtandaoni bila ya mwenyewe kukumbuka kuwa aliiruhusu mwaka juzi. Akiwa na kazi nyingi humpa kijana mwengine azisafishe rangi, na mkitaka albamu, faili huenda kwa mchapishaji. Hesabu mikono hiyo. Huyo bibi anayesifiwa na kila mtu unamjua. Kaka yake anayetumia kompyuta ile ile jioni humjui.

Nilijifunza hayo kwa uchungu. Biharusi mmoja niliyempiga picha bila ya ushungi, ndani kwao, alionwa na wanaume watatu wasiomhusu kwenye kioo cha kompyuta ya duka ambako albamu yake ilikuwa inatayarishwa. Hakuna aliyeiba wala aliyekusudia ubaya. Folda ilikuwa na jina lake na mtu akaifungua akitafuta nyengine. Nilikwenda kumwomba radhi mama yake, na tangu siku ile sikuichukua tena kadi ya mtu kwenda nayo nyumbani.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua memori kadi mpya yako mwenyewe. Ya GB 32 inatosha kwa kazi ya saa moja, lakini muulize kwanza kamera yake inatumia kadi ya aina gani. Mbele yako atoe kadi zake zote, atie yako, nafasi ya pili ibaki tupu, waifai na bluututhi za kamera zizimwe, na simu za wote waliomo zibaki nje ya chumba, pamoja na ya somo wako, yaani kungwi anayekufunda. Kazi ikimalizika kadi inatoka kwenye kamera na kuingia mkononi mwako. Picha hazitakuwa zimesafishwa, na hilo ulikubali tangu mwanzo. Zikihitaji kusafishwa, akae nawe mzisafishe kwenye kompyuta yako. Akikwambia kuwa hivyo sivyo anavyofanya kazi, mshukuru kwa adabu na umtafute mwengine, hata kama amepiga nusu ya maharusi wa mjini.

*Bei ya kawaida ni kiasi gani? (Msomaji, Fuoni)*

Kila mmoja na bei yake, na atakayekubali masharti niliyoyataja anastahili kulipwa zaidi ya anayeyakataa.

*Nikipigwa bila ya uso kuonekana, si nitakuwa salama hata picha zikivuja? (Msomaji, Chake Chake)*

Hapana, na nasikitika kuona namna watu wanavyolitegemea hili. Hapa kwetu mtu hujulikana kwa mambo mengi kabla ya uso. Hina na piko ya biharusi imechorwa na mchoraji ambaye kila mwanamke aliyehudhuria anaijua kazi yake, na maua yale yale yalipigwa picha mara hamsini ukumbini. Anayeuona mkono kwenye picha ya siri ataulinganisha na mkono alioushika siku ya harusi. Khanga ina jina lake, na huenda ndiyo ile mliyoshonewa sare ukoo mzima. Kitanda cha samadari cha bibi yako hakina cha pili mtaani. Pazia, rangi ya kiwambaza, dirisha linaloonyesha mnara wa msikiti, kovu, pete, vyote hivyo vinasema. Kioo cha meza ya kujipambia ni kibaya kuliko vyote, kwani nimewaona waliogeuza uso mbele ya kamera na uso wao ukatoka mzima kiooni nyuma yao.

Ukitaka kujificha kwa kweli, pigwa kabla ya kutiwa hina au baada ya kufutika, tandika shuka jeupe lisilo na alama, funika kioo, na uangalie kila picha kwenye kamera kabla ya kwenda kwenye ya pili. Hata hivyo, ulinzi wa kwanza unabaki kuwa kadi.

*Mume wangu yuko Muscat miaka miwili. Ananiomba picha. Nikimtumia kwa WhatsApp zile za kuonwa mara moja tu, zinafutika kweli? (Msomaji, Bububu)*

Dada yangu, nimelijibu hili mara tatu na bado linaletwa kama kwamba halijaulizwa. Njia ile ya kuonwa mara moja ilianza mwaka 2021, na baadaye wakazuia kuinakili picha kwenye skrini, lakini hakuna programu inayoweza kuzuia simu ya pili kuipiga picha simu ya kwanza. Ni kweli kwamba ujumbe wa WhatsApp husafiri umefungwa na hausomeki njiani. Hatari haiko njiani, iko kwenye ncha mbili. Huku kwako, picha uliyoipiga kwa simu imebaki kwenye albamu ya simu yako hata baada ya kuituma, na kama Google Photos inahifadhi picha zako yenyewe, iko pia kwenye akaunti ambayo huenda mtoto wako wa skuli ameifungua kwenye tableti yake. Huko kwake, anakaa chumba kimoja na wenzake wangapi, na simu yake akienda kuoga inabaki wapi?

Usiitume picha hiyo kama waraka (document), vilevile. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huondoa sehemu kubwa ya taarifa zilizofichwa ndani ya faili, lakini ikitumwa kama waraka faili huenda ilivyo, na ndani yake huenda mkawamo tarehe, saa, aina ya simu, na hata mahali ulipokuwa umesimama, ikiwa kamera ya simu imeruhusiwa kuandika mahali. Zima ruhusa hiyo leo, hata kama hupigi picha yoyote ya siri.

Tena kuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kifungu chake cha 14 kinakataza kusambaza ponografia kwa njia ya kompyuta, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Oman nayo ina sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2011. Sisemi kwamba mke na mume watafuatwa chumbani mwao. Nasema kwamba picha ikishatoka kwenu, mtajikuta mnajieleza katika nchi mbili. Kama lazima awe nazo, mchapie chache, zitie katika bahasha iliyogundishwa, na umpe mkononi atakapokuja likizo.

*Mchumba wangu anasema wenzake wote wametumiwa na wachumba wao. Nimtumie moja tu? (Msomaji, Mkoani)*

Usimtumie hata nusu. Na kwa kuwa hukutaja umri wako: aliye chini ya miaka 18 hapigwi picha hizi na mtu yeyote, kwa ajili ya mtu yeyote, awe ameposwa au hajaposwa, na mpiga picha anayekubali anastahili kushtakiwa.

*Tunafikiria kupiga alfajiri ufukweni Paje, kabla watu hawajaamka. (Mume na mke, Fumba)*

Alfajiri pwani imeshaamka: wavuvi wanarudi, na maji yakitoka kinamama wa mwani wanashuka. Pigeni ndani, na muwaonee haya watu walio kazini kwao.

*Mimi ni mpiga picha. Mteja anataka nifute picha zake zote na nimthibitishie. Nikishafuta si zimekwisha? Na je, picha si mali yangu niliyezipiga? (Msomaji, Wete)*

Kaka, nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu wengi katika kazi yetu hawaulizi. Kufuta peke yake hakumalizi kitu. Unapoifuta faili, au unapoiformati kadi kwa haraka, kinachoondoka ni jina lake katika orodha. Picha yenyewe inabaki palepale mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake, na programu za kuirudisha zinapatikana bure. Kadi uliyoiuza au uliyomwazima mwenzako ikiwa imefutwa hivyo, umempa na picha. Programu za kusafishia picha nazo huweka vijipicha vyake pembeni, ambavyo huendelea kuonekana hata baada ya faili kubwa kuondolewa. Kuna pipa la taka la kompyuta, kuna diski ya akiba, kuna pipa la hifadhi ya mtandaoni linalokaa na vitu kwa wiki kadhaa. Ukitaka kusema kwa ulimi safi kwamba hakuna kilichobaki, njia iliyo bora ni kutoiruhusu picha ifike kwenye kompyuta yako hata mara moja, na kadi imbakie mteja. Kama ilishafika, zifuate nakala zote hizo moja moja mbele yake, kisha uijaze kadi video isiyo na maana mpaka ijae, au bora umpe aivunje.

Ama kuhusu mali: ni kweli kwamba sheria za hakimiliki, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003, humwangalia aliyepiga kuwa ndiye mtunzi, ila mkikubaliana vyengine kwa maandishi. Lakini utunzi haukupi ruhusa ya kumtangaza mke wa mtu. Katiba ya Muungano, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Basi andikeni mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: nani anabaki na kadi, nani atazisafisha, kwamba hakuna picha itakayowekwa Instagram wala kuonyeshwa mteja mwengine kama mfano, na kwamba haki zote zinahamia kwake. Sahihi mbili, nakala mbili. Hilo la kuonyesha mfano nalisema kwa mkazo, kwani nimekaa katika vyumba vya wapiga picha nikaonyeshwa maharusi wa watu kwenye simu, mmoja baada ya mwengine, na aliyenionyesha hakuona kwamba amefanya kosa.

*Hakuna njia ya kupata picha isiyokuwa na faili kabisa? (Msomaji, Kikwajuni)*

Ipo, na nashangaa haitumiwi zaidi. Kamera za kutoa picha papo hapo, kama vile Instax Mini ya kawaida, hutoa karatasi moja yenye picha ya milimita 62 kwa 46, na hakuna negativu wala kadi. Ukiichana imekwisha. Mume na mke wanaweza kuitumia wenyewe bila ya mtu wa tatu. Tahadhari ni moja: baadhi ya aina mpya, kama Evo na LiPlay, ni za kidijitali kwa ndani na zinahifadhi faili kabla ya kuchapa, kwa hiyo usimwachie muuzaji akuchagulie. Na karatasi nayo huishi. Capital Art Studio ya Shangani ilifunguliwa mwaka 1930, na picha zake za kale bado zinatazamwa na watu ambao hawakuzaliwa zilipopigwa. Weka yako pahala ambapo wanao hawataikuta katika sanduku siku ya arubaini yako.

*Aliyetupiga picha anadai laki tano, la sivyo atazipeleka kwa wakwe zangu. Nimeshamlipa mara moja. (Jina na mahali nimevihifadhi)*

Usilipe tena. Uliyemlipa mara moja amejua kuwa unalipa. Usifute mazungumzo hata kama yanakuumiza kuyaona. Yahifadhi yote, na namba yake, tarehe, na risiti ya pesa uliyotuma kwa simu. Picha zenyewe usimtumie jamaa yeyote kwa kutaka ushauri. Mwambie mumeo leo hii, kwa kuwa nguvu yote ya mtu huyo imo katika kudhani kwamba hutamwambia. Kisha nendeni pamoja polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na kama mnaona uzito kwenda wenyewe, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar au wanasheria wanawake wa ZAFELA watakuelekezeni. Usiku huu, kabla hujalala, ingia StopNCII.org kwa simu yako ikiwa unazo nakala za picha hizo: huitengenezea kila picha alama ya tarakimu ndani ya simu yako, picha yenyewe haitoki, na mitandao iliyojiunga nayo, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuitambua na kuizuia ikipandishwa. Ni bure, na ni kwa waliotimia miaka 18. Barua yako nimeichana, na namba yako nimeifuta baada ya kukujibu.