Si kila chenye picha ya Santa ni pambo la Krismasi

Mara ya kwanza kuagiza mapambo ya Krismasi kutoka Yiwu, China, ankara yangu ilikuwa na mstari mmoja tu: mapambo ya Krismasi, katoni 64. Wakala wa forodha hakuniuliza kitu. Akaandika namba 9505.10, ndiyo namba ya forodha ya vitu vya Krismasi inayoamua ushuru wake, kwa mzigo wote, nami nikawa nasubiri utoke bandarini Dar es Salaam niuwahishe Kariakoo. Novemba ilikuwa inakatika.

Mzigo ukapangiwa ukaguzi. Afisa akachana katoni ya kwanza: miti ya plastiki. Haina shida. Ya pili: mipira ya kung'aa ya kutundika kwenye mti. Nayo sawa. Ya tatu, vikombe vya kauri vyenye Santa mwenye mashavu mekundu. Akashika kimoja kwenye mkono wake kama anayetaka kumiminiwa chai, akaniuliza, "Mama, hiki Januari unakitupa?"

Sikuwa na jibu. Kikombe ni kikombe, kwenye kitabu cha namba za forodha kinakwenda sura ya 69 pamoja na vyombo vingine vya kauri. Maelezo ya mwanzo ya sura ya 95, ile ya mapambo, yenyewe yanaviondoa vyombo vya mezani na jikoni, nguo, mashuka, mazulia na vitambaa vya meza vyenye kazi yake ya kawaida, hata vikiwa vimejaa nyota na kengele. Vitu hivyo namba yake hufuata malighafi. Mishumaa ina 3406 yake. Taa za kuzungushia mti ziko 9405, na tangu toleo la kitabu hicho la mwaka 2022 zile za LED zina namba yao, 9405.31. Lile joho la Santa la kitambaa? Ni nguo.

Utasema ushuru si ni uleule 25%? Kwa vingi, ndiyo. Lakini tangu Julai 2022 Afrika Mashariki ina kiwango cha 35%, na bidhaa za vitambaa na kauri ni kati ya zilizolengwa. Ushuru ukipanda na VAT inapanda, kwa sababu inakokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru. Ila kilichoniumiza zaidi ni taa. Ni bidhaa ya umeme, TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wanataka cheti cha ubora kilichotolewa huko huko mzigo unakotoka, na mimi sikuwa nacho. Siku zikahesabika, gharama za kuhifadhi mzigo nazo.

Wakala nilimlaumu sana, lakini nilimpa mstari mmoja, naye akanipa namba moja.

Siku hizi muuzaji haoni hela yangu kabla hajaandika kila bidhaa mstari wake: imetengenezwa kwa nini, inatumia umeme au haitumii, ngapi, bei gani. Picha namtumia wakala kwa WhatsApp tujadiliane namba mapema. Kwa bidhaa yenye utata, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, kifungu cha 248A, inakuruhusu kuomba uamuzi wa namba kabla hujaagiza. Na ukiona afisa kakosea, una siku 30 za kuomba uamuzi wake upitiwe upya. Omba kwa maandishi. Kubishana pale mbele ya katoni hakusaidii.

Mzigo wangu ulitoka tarehe 27 Desemba. Miti na mipira nikairudisha stoo. Vikombe viliisha vyote kabla ya Machi, mama ntilie ndio walivinunua.