Ukilipwa kufundisha, bado u mchezaji wa ridhaa?

SWALI: Mimi ni mshangiliaji (cheerleader) wa timu ya mashindano. Klabu nyingine inataka kunilipa niwafundishe watoto sarakasi za sakafuni. Rafiki yangu anacheza dansi za wawili wawili, naye kaahidiwa pesa kucheza kwenye tafrija. Je, tutapoteza hadhi ya ridhaa? – Msomaji wenu

JIBU: Rafiki yako asipokee chochote kwanza. Yeye ndiye aliye karibu na mstari kuliko wewe.

Katika ushangiliaji wa klabu, timu hupangwa kwa umri, idadi ya wachezaji na daraja la ufundi, kuanzia la 1 hadi la 7. Kwa kawaida hakuna anayeuliza unakula kwa kazi gani, hivyo kuwafundisha watoto hakukuondoi kundini. Shida huanza ukishindania pia shule, kwa sababu vyama vya michezo vya shule vina kanuni zao kuhusu malipo na zawadi. Kwa vyuo vya Marekani, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, imeruhusu wanamichezo kupata pesa kwa jina na sura zao tangu Julai 1, 2021. Lakini ushangiliaji si mchezo unaosimamiwa na NCAA, kwa hiyo anayepaswa kukujibu ni chuo chenyewe.

Kwenye dansi ya michezo, yaani hiyo ya wawili wawili ya rafiki yako, mgawanyo wa ridhaa na kulipwa ni wa zamani na una uzito. Kwa miaka mingi shirikisho la dunia, ambalo leo linaitwa WDSF na ambalo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua 1997, lilikuwa la wachezaji wa ridhaa, huku wanaolipwa wakiwa na chombo chao. Baadaye WDSF nayo ikafungua kitengo cha kulipwa. Mtu akiuliza "nimekuwa wa kulipwa?" lazima aseme kwanza ni kwa kanuni za nani. Tena hadhi huangaliwa kwa jozi: mmoja akihama, mwenzake anabaki bila mtu wa kucheza naye katika kitengo chao. Mashindano ya mwanafunzi na mwalimu hayaingii hapa, kwa kuwa pale mwalimu analipwa, mwanafunzi ni wa ridhaa, na majaji humpa alama mwanafunzi peke yake.

Sasa tazameni hiyo pesa inaitwaje kwenye karatasi. Nauli na malazi ni marejesho ya gharama. Zawadi ya ushindi, ujira wa kufundisha, malipo ya onyesho na tangazo la mdhamini ni vitu vinne tofauti, na kanuni moja inaweza kukubali viwili na kukataa viwili. Kosa tunaloliona mno ni hili: mchezaji anarudishiwa nauli tu, lakini mwandaaji anaandika "malipo ya onyesho" na risiti ya basi imeshatupwa. Hapo utetezi unakuwa mgumu sana.

Andikeni barua fupi kwa shirikisho kabla ya kusaini: nani analipa, kiasi gani, kwa kazi gani, siku gani, na fomu ya usajili mliyojaza inasemaje. Ombeni jibu la maandishi. "Kocha kasema sawa" haliwasaidii mbele ya kamati ya rufaa.

Jambo moja zaidi kwako. Ukiingia pia mashindano ya studio za dansi, soma kipengele cha walimu. Mara nyingi kundi lenye mwalimu anayelipwa hupandishwa kitengo, hata kama wengine wote ni wanafunzi. Na ukigundulika huna sifa baada ya shindano, wanaoumia si wewe tu. Wale waliobeba pamoja nawe miguu ya mrukaji, yule anayeinuliwa juu, na aliyesimama nyuma kumdaka, wote wanaweza kufutiwa matokeo, maana alama ni ya timu nzima.

Aliyekwisha kuvuka anaweza kuomba kurudishwa kwenye ridhaa. Baadhi ya mashirikisho humtaka akae nje kwa muda kwanza, basi aulize muda huo unahesabiwa tangu malipo ya mwisho au tangu siku ya kuomba.