Kujitolea Ujerumani: nafasi haiuzwi, mdogo wangu

Msomaji aliyemaliza kidato cha sita ameandika juzi. Wakala amemwahidi mwaka mmoja wa kujitolea shuleni Ujerumani, na anataka shilingi milioni tatu na nusu kabla hajataja hata jina la shule. Mama ameshaanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Kijana anauliza kama bei hiyo ni ya kawaida.

Shamba lisiuzwe. Njia iliyonyooka zaidi kwa kijana wa kwetu ni weltwärts, mpango wa wizara ya maendeleo ya Ujerumani. Ulianza 2008 kwa kuleta vijana wao huku, na mwishoni mwa 2013 mlango ukafunguliwa upande wa pili ili na sisi twende kwao. Unachukua wenye miaka 18 hadi 28. Nauli ya ndege, bima, malazi, chakula na pesa ya mfukoni vyote hulipiwa. Maombi hayapelekwi wizarani wala ubalozini, yanapitia shirika la hapa nyumbani lenye mshirika wake kule. Kwa hiyo anayekuuzia nafasi muulize maswali mawili tu: mshirika wako Ujerumani ni nani, na nitafanya kazi kituo gani? Akianza kuzungukazunguka, maliza chai yako uondoke.

Njia ya pili ni kuomba mwenyewe kwenye huduma ya kitaifa ya kujitolea, Bundesfreiwilligendienst, iliyoanzishwa 2011 jeshi la lazima liliposimamishwa. Hapa nauli mara nyingi ni juu yako, ila bima ya afya na michango ya hifadhi ya jamii hulipwa yote na kituo. Kwenye pesa ya mfukoni ndipo wengi wanapoteleza. Sheria imeweka kiwango cha juu tu, ambacho kwa 2025 kilikuwa euro 644 kwa mwezi. Kima cha chini hakuna, na vituo vingi hutoa pungufu ya hapo. Usikimbilie tarakimu kubwa. Euro 400 yenye chumba na chakula inakutosha, lakini euro 600 bila chumba, mjini kama Munich, itaishia kwenye kodi. Mkataba uwe na saini ya ofisi ya shirikisho inayosimamia huduma hii, iliyoko Cologne. Wenye saini ya kituo peke yake bado haujakamilika, usiubebe kwenda nao kwenye miadi ya visa.

Mawakala hupenda kuchanganya haya na au pair. Au pair anaishi kwenye familia, analea watoto wa nyumba hiyo na kupewa euro 280 kwa mwezi. Ni mpango halali, ila hautakuingiza darasani.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo safari nyingi hufia. Anza na majina. Cheti cha kuzaliwa kina Asha Juma Salum, cheti cha kidato cha nne kina Asha J. Salum, paspoti ina Asha Salum. Kwetu huyo ni mtu mmoja, kwa karani wa Kijerumani ni watatu. Kabla ya kuomba paspoti, tandika vyeti vyote mezani uvisome herufi kwa herufi. Tofauti ikionekana, maliza kwanza kwa kiapo au kwa marekebisho RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Ukisubiri hadi umepata kituo, muda utakubana, kwa sababu huduma nyingi huanza Agosti au Septemba.

La pili ni surua. Tangu 1 Machi 2020, anayefanya kazi shuleni au chekechea Ujerumani, kama amezaliwa baada ya 1970, lazima athibitishe dozi mbili za chanjo ya surua au kinga iliyopimwa na daktari. Tanzania iliingiza dozi ya pili kwenye ratiba ya kawaida mwaka 2014. Aliyezaliwa 2005, hata kama mama ametunza kadi ya kliniki vizuri, kuna uwezekano mkubwa kadi hiyo ina dozi moja ya miezi tisa. Nenda hospitali ukapate nyingine, iandikwe tarehe na kugongwa muhuri. Kadi ikiwa imepotea kabisa, panga dozi mbili zilizoachana angalau wiki nne, au pima kinga kwenye damu. Kadi ya manjano unayoonyesha uwanja wa ndege ni ya homa ya manjano, haihusiki hapa.

Lugha. Mtihani wa A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya Kijerumani, wa Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha lugha hiyo, unafaulu kwa alama 60 kati ya 100, na wengi wakiupata wanafunga daftari. Kosa kubwa. A1 inakufundisha kujitambulisha na kuagiza kahawa, wakati mtoto wa miaka sita atakuambia zipu imekwama, tumbo linauma, na fulani kamchukulia kofia, yote kwa pumzi moja. Jifunze Kijerumani cha mtoto kabla ya cha ofisini: viatu vya ndani, glavu, chooni, kusukumana, kulia, zamu yangu. Neno shule lenyewe tulilichukua kwao, kwa hiyo moja tayari unalo.

Ukifika, wiki mbili za kwanza zina kazi moja kubwa: kujiandikisha ofisi ya wakazi. Hairuhusiwi bila fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba, basi idai siku unayopokea ufunguo. Halafu bandika jina lako kwenye sanduku la barua. Naliweka hili peke yake kwa sababu linadharauliwa sana. Namba ya mlipakodi, kadi ya benki na kadi ya bima huja kwa posta, na tarishi asipoona jina lako anarudisha bahasha. Utakaa mwezi mzima ukidhani wamekusahau. Koti la baridi nunua mitumba huku, Karume au Gikomba. Huenda lilitoka Hamburg, litafurahi kurudi.

Shuleni hutafundisha. Ondoa hilo kichwani mapema. Utamsaidia mtoto kuvaa, utasukuma kiti cha magurudumu, utakaa na wanaofanya kazi za nyumbani mchana, utafuta meza. Usikubali kuachwa peke yako na darasa. Dhamana ya uangalizi ni ya mwalimu, na mtoto akiumia swali la kwanza litakuwa nani alikuwa zamu. Siku 25 za semina kwa mwaka ni sehemu ya kazi, huwezi kuzikwepa ukalale. Na usipige picha watoto. Wageni wanaokuja kwetu hupiga picha wakiwa wamezungukwa na darasa la pili zima na kuzirusha mtandaoni jioni hiyohiyo. Ukifanya hivyo Cologne bila ridhaa ya maandishi ya wazazi, unaweza kupoteza nafasi.

Kuhusu elimu yenyewe, kuna jambo ningependa ulibebe kwenye daftari. Tanzania iliondoa ada hadi kidato cha nne Januari 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Hata hivyo mtoto asiyeweza kutembea bado yupo nyumbani mtaani kwenu, na unamjua. Ukipangiwa shule ya watoto wenye ulemavu, andika kinachomfikisha mmoja tu darasani: gari linalomchukua mlangoni, nani analilipa, nani anamshusha, choo kina upana gani, anakula nini mchana, watu wazima wangapi kwa watoto wangapi. Utaona mengi hayahitaji utajiri wa Ujerumani. Mlango mpana wa choo ni kazi ya fundi wa siku mbili.

Wanaouliza kama huduma hii ni daraja la chuo kikuu: vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa Baden-Württemberg inawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kikwazo kiko kwenye visa ya mwanafunzi, maana kwa kawaida unaonyesha euro 11,904 kwenye akaunti maalumu kwa mwaka. Mafunzo ya ufundi yanayolipa mshahara ni rahisi zaidi kifedha, lakini jiandae kwa Kijerumani cha B1, ngazi mbili juu ya A1. Na ukiwa weltwärts, mpango umejengwa juu ya wewe kurudi.

Wiki sita kabla ya kumaliza, omba barua ya tathmini. Ni haki yako kisheria, ila wasipoombwa mara nyingi hutoa karatasi yenye tarehe tu. Omba kwa maandishi iliyo ndefu, itaje majukumu yako na jinsi ulivyoyatimiza, na uisome mstari kwa mstari na mtu anayejua Kijerumani kabla hujafunga sanduku.