Mimi nilifunikwa kwa mbawa. Yeye je?

Jumapili ya tatu baada ya ajali nilisimama mbele ya kanisa, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, nikatoa ushuhuda. Gari la kwaya lilikuwa limepinduka usiku tukitoka kwenye mkutano wa injili. Nikasema Mungu alinifunika kwa mbawa zake, maana asubuhi ya safari nilikuwa nimesoma Zaburi ya 91. Watu wakashangilia. Narudi kukaa, ndipo nikamwona kwenye benchi la pili mke wa kaka yetu aliyeimba sauti ya besi; mumewe ndiye aliyekuwa amekaa siti ya nyuma yangu, na tulikuwa tumeshamzika. Mjane huyo naye alikuwa akipiga makofi.

Nilichelewa kwenda kumsalimia. Niliogopa. Nilipokwenda alinipokea vizuri, tukazungumza habari za watoto, kisha akaniuliza bila hasira yoyote: "Mdogo wangu, zaburi ile hata sisi tuliisoma asubuhi ile. Yeye alifunikwa na nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina, na wenye majibu ya haraka huwa nawasikiliza kwa tahadhari.

Kilichonisaidia ni Matendo ya Mitume sura ya 12, ambayo tangu shule ya Jumapili nilisimuliwa nusu yake tu. Nusu hiyo ni ya Petro: amelala katikati ya askari wawili, amefungwa minyororo miwili, vikosi vinne vya askari wanne wanne vinamlinda, malaika anampiga ubavuni na kumtoa nje. Lakini sura haianzi hapo. Inaanza na Herode kumuua kwa upanga Yakobo, ndugu yake Yohana. Mstari mmoja, basi. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hasemi Yakobo alikuwa na imani haba. Hasemi kanisa lilizembea kumwombea. Anaandika tu kwamba mmoja aliuawa na mwingine akafunguliwa.

Na wale waliokesha wakimwombea Petro? Kijakazi Roda alipowaambia Petro yuko mlangoni, walimwambia ana wazimu. (Mkesha wa maombi huo!) Kwa hiyo siwezi kusema Petro aliokolewa kama mshahara wa imani kubwa ya waombaji. Hawakuamini hata baada ya kujibiwa.

Huwa namfikiria sana Yohana. Alipousikia ushuhuda wa Petro, alipiga makofi? Yesu alikuwa amewaambia yeye na Yakobo kwamba watakinywea kikombe chake cha mateso, lakini sidhani kuambiwa mapema kunampunguzia mtu msiba wa ndugu yake. Hata hivyo Yohana hakuacha kumfuata Bwana. Imani yake ilibidi iwe na nafasi ya kaburi la Yakobo na mlango wa gereza uliofunguka, vyote viwili, na nadhani imani isiyo na nafasi hiyo haijakutana na hatari bado.

Kwa hiyo, wewe uliyeponea chupuchupu, shukuru, tena kwa sauti. Ila kabla hujashika kipaza sauti, angalia nani amekaa mbele yako. Sema "nimepona na ninamshukuru Mungu", usiongeze sababu ya kupona kwako, kwamba ulifunga, au ulitoa sadaka, au uliomba saa tisa usiku. Kila sababu unayoongeza inamwambia mjane kwamba mumewe alipungukiwa na kitu. Nililifanya kosa hilo mimi mwenyewe, na msamaha niliouomba haukufuta kwamba aliyasikia maneno yangu.

Na wewe ambaye hukuokolewa na jambo, uliyeomba na mgonjwa akafa, usijilazimishe kuimba. Kitabu cha Zaburi kina maombi ya watu wanaomuuliza Mungu "hata lini?", na ile ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja. Iko ndani ya Biblia. Mtu aliyeiomba alikuwa bado anazungumza na Mungu, na kuna miezi ambayo kumtumaini hakuzidi hapo.

Kuhusu hofu nitasema kwa kifupi. Karibu mwaka mzima sikuweza kupanda gari bila kutetemeka, na ndugu mmoja akaniambia hofu ni dhambi. Daudi alisema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Siku yenyewe ilikuwa ya hofu. Mwingine akanicheka kwa kukagua mkanda wa siti, eti namtegemea nani? Huyo nilimpeleka Matendo 27. Malaika alikuwa amemhakikishia Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayekufa kati ya watu 276 waliokuwa melini katika dhoruba, lakini mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, Paulo yuleyule alimwambia akida, mkuu wa askari, kwamba hao wasipobaki, yeye na askari wake hawataokoka. Ahadi alikuwa nayo, na mabaharia aliwazuia.

Mwaka jana kwaya ilialikwa tena mbali, na mjane yule, ambaye sasa anaimba nasi, alikaa kando yangu. Tukiwa bado tumesimama aliniomba niombee safari. Nilifungua kinywa, maneno yote niliyoyazoea ya damu na mbawa na ukuta wa moto yakagoma kutoka. Akanishika mkono akaomba yeye: "Baba, tunaomba tufike. Unajua tunavyotaka kufika. Amina." Halafu akauvuta mkanda wangu kuona kama umefunga, akafumba macho, na kabla hatujafika barabara kuu alikuwa amelala.