Wageni walirudi vipi baada ya korona, na kama ni vizuri kuchukua mkopo wa vani saizi

Ndugu, umeuliza kama gonjwa lingine likija kama korona wageni watakaa muda gani bila kurudi, na kama uchukue mkopo ununue vani ya watalii. Mimi nabeba wageni hapa Nakuru, nawapeleka Lake Nakuru, Bogoria, Mara, saa zingine hadi Kisumu na msitu wa Kakamega, na nilikuwa kwa hii kazi kabla korona ije. Wacha nikuambie venye niliona.

Kwanza hamu ya kusafiri haikuisha hata siku moja. Machi 2020 ndege za abiria za nje zikasimamishwa na wageni wangu wengi hawakufuta safari, waliomba tusongeshe tu, imeili zilikuwa zinakuja kila wakati, tutakuja Septemba, tutakuja Februari, mtu anauliza faru wako aje kama anauliza watu wa kwao. Ndiyo maana nikisikia utafiti unasema watalii asilimia fulani wako tayari kusafiri huwa sikimbii kuosha gari. Mtu anaweza kuwa tayari na tiketi asikate, na hapo katikati ndipo madereva tulilala njaa.

Agosti 1, 2020 ndege za nje zikafunguliwa. Wazungu walikuja wa kuhesabu. KWS, shirika la serikali la wanyamapori lenye linasimamia mbuga, walikuwa wameshusha kiingilio tangu Julai na unajua nani alijaza Lake Nakuru? Wakenya. Familia za Nairobi, chama za akina mama kutoka Njoro na Molo, vijana na Probox yao wanatafuta simba na mziki juu (walifukuzwa, usijali). Hao walituokoa kiasi, lakini mgeni wa nje mwenye amelipa laki na kitu ya ndege hawezi kuletwa na punguzo la geti. Yeye shida yake haikuwa bei.

Shida yake ilikuwa kukwama. Wengi husema waliogopa ugonjwa, na mwanzoni ni kweli, lakini wakishachanjwa ile hofu iligeuka. Nilikuwa na wazee wawili wastaafu wa Uingereza, wanapenda sana flamingo, waliniandikia wazi kwamba hawaogopi kuugua, wanaogopa kupimwa siku ya kurudi wapatikane nayo, wafungiwe hoteli Nairobi na bima ikatae kulipa. Halafu Aprili 2021 serikali yao ikaweka Kenya kwa orodha nyekundu, yaani ukitoka huku unalala hoteli ya karantini siku kumi kwa pauni 1,750, na Agosti wakapandisha hadi 2,285. Sasa hiyo pesa ni zaidi ya safari yangu yote na chakula ndani, nani atakuja? Kenya ikatolewa Septemba 22 na simu zikaanza kulia. Korona ilikuwa bado iko, hata kafyu yetu haikuwa imetolewa. Kilichobadilika ni njia ya kurudi nyumbani. Angalia Wamarekani, wao walihitaji tu cheti cha kupimwa kurudi kwao, hakuna hoteli ya lazima, na 2021 ndio walikuwa wengi kuliko taifa lingine lote.

Na hatukujisaidia pia. Machi 2021 Nakuru ikafungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos, kwa hivyo mgeni anaweza kuona faru hapa lakini Mara hafiki kwa barabara, maana Mara iko Narok na Narok ilikuwa nje ya mpaka. Hiyo ikafunguliwa Mei, kufika Juni kaunti 13 za magharibi, Kisumu na Kakamega ndani, zikawekwa kafyu ya saa moja jioni. Hebu mwelezee mtu ako Chicago hiyo kwa imeili.

Kitu ingine, kwa mgeni Afrika yote ni mtaa mmoja. Omicron, ile aina mpya ya korona, ilitangazwa Novemba 2021 huko kusini, nchi za kule zikafungiwa ndege, Kenya haikuwa kwa ile orodha ya Uingereza lakini buking zangu za Krismasi zilianguka vilevile. Marburg ya Rwanda ya 2024 nayo, ule ugonjwa wa virusi unafanana na Ebola, maswali yalikuja mpaka nikachoka kutuma ramani.

Waliorudi mapema ni wale walishawahi kuja, wenye wameoa huku, wenye wanasomesha watoto huku, na diaspora. Vikundi vya wazee vikafuata pole pole. Wachina mwisho kabisa, kwao kulifunguliwa Januari 2023.

Kwa nchi nzima 2019 tulikuwa na wageni wa nje zaidi ya milioni mbili, 2020 hawakufika laki sita, 2022 karibu milioni moja na nusu, na 2024 ndio ikapita milioni mbili vizuri. Sasa weka hiyo miaka karibu minne ya kungoja kando ya mkopo wa miaka mitatu. Wenzangu vani zao zilipigwa mnada, mwingine aling'oa viti akabeba viazi kutoka Molo.

Sikwambii uache. Nunua ya mtumba, weka dipositi kubwa ili mkopo uwe mfupi, na ichague vani yenye inaweza kubeba wanafunzi, harusi na matanga, si Landkruza ya Mara pekee. Kwa mkataba wako andika mgeni anaweza kusongesha tarehe bila faini lakini dipositi hairudishwi, wengi wanakubali, na jibu imeili zao hata kama hakuna pesa inaingia. Wale wazee wawili walikuja 2022, wakaleta na majirani zao.