Kabla ya kuuliza mashine, liulize ini

Juzi dada mmoja ameniandikia: "Kaka, mume wangu ana saratani ya ini, imeshaingia mshipani. Mionzi ipi ni bora?" Swali hilohilo nililiuliza mimi miaka minne iliyopita. Mgonjwa alikuwa baba.

Nilikuwa nimesoma kwamba miale ya protoni huishia ndani ya uvimbe, ilhali eksirei hupenya hadi upande wa pili. Ni kweli. Basi nikaona mengine yote ni takataka. Daktari alipendekeza eksirei za kulenga kwa dozi kubwa, mara tano tu, huku pumzi ikidhibitiwa, kwa kuwa ini hupanda na kushuka mtu anapopumua. Nikabishana naye, mimi msomaji wa usiku mbili! Tukahangaika miezi miwili kutafuta protoni. Nafasi ilipopatikana, macho ya baba yalikuwa ya manjano na tumbo limejaa maji. Ini halikuweza tena kuhimili mionzi ya aina yoyote.

Baadaye nikasoma matokeo ya utafiti wa RTOG 1112. Waliopewa sorafenibu, dawa ya saratani ya kumeza, peke yake, nusu yao walivuka miezi 12.3. Walioanza na mionzi ileile niliyoidharau kisha wakapewa sorafenibu, nusu walivuka miezi 15.8. Wengi wao uvimbe ulikuwa umeingia mshipani, kama wa baba. Nilizima simu nikatoka nje.

Zipo pia punje ndogo zenye mionzi, za itriamu-90, zinazopitishwa kwenye ateri ya ini. Uvimbe hunywa damu ya ateri, sehemu ya ini iliyo nzima hutegemea zaidi mshipa wa kutoka matumboni, kwa hiyo punje hunasa kwenye uvimbe na kuchoma milimita chache tu. Utafiti wa SARAH wa Ufaransa, 2017, haukuonyesha kwamba zinarefusha maisha kuliko sorafenibu, ila madhara yalikuwa machache. Hilo si dogo kwa mtu anayelala kitandani.

Nyinyi mnaoshinda mtandaoni kama mimi, acheni ubishi. Mashine nzuri haifufui ini lililochoka.

Dada yangu, shemeji akienda kliniki, uliza daraja lake la Child-Pugh, kipimo cha jinsi ini linavyofanya kazi: A, B au C. A ina milango mingi. C karibu yote imefungwa. Uliza pia ini lililo zima limebaki kiasi gani. Ukipata herufi hiyo niandikie siku hiyohiyo, protoni tutaziongelea baadaye.