Nani Alichimba, Nani Alishika Lango: Kwa Wanaoanza Kutafiti Umwagiliaji wa Enzi za Ukoloni

Wengi wanaoanza kutafiti miradi ya maji ya enzi za ukoloni Afrika Mashariki huja na swali moja: mradi ulianza lini, na ulikuwa wa ekari ngapi? Jibu lake hupatikana upesi, na halikufikishi mbali. Nawashauri muanze na maswali mawili mengine. Nani aliuchimba mfereji? Na ulipokwisha kuchimbwa, nani alikuwa na mamlaka ya kufungua na kufunga maji? Ukiyashika hayo, utajua faili gani la kuomba na neno gani la kulitilia shaka.

Chukua Mwea, mradi wa mpunga ulioko Kenya. Ripoti zitakueleza kwamba kazi ilianza 1954, kwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, ili kulima mpunga. Ni kweli. Lakini Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952, na mifereji ile ya mwanzo ilichimbwa kwa nguvu za mahabusu walioshikwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau. Perkerra kule Baringo na Hola kando ya Mto Tana nazo zilijengwa kwa mikono kama hiyo. Kwa sababu hiyo mafaili ya kilimo peke yake hayatoshi. Omba pia ya magereza, ya idara zilizosimamia kile serikali ilichokiita kurekebisha tabia, na ya DC, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni.

Hapo kwenye wilaya, kuwa mwangalifu. Wilaya ya Kirinyaga ilizaliwa 1963, kwa hiyo Mwea ya kikoloni utaitafuta chini ya Embu. Hola nayo mara nyingi imeandikwa Galole. Wako waliorudi nyumbani wakiamini hakuna kilichobaki, kumbe waliomba kwa jina ambalo karani wa wakati ule hakulitumia.

Sasa Hola, ambayo naomba kila mgeni wa fani hii aisome kabla ya kitu kingine chochote. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 85 waliokuwa wamekataa kufanya kazi walitolewa kambini kupelekwa kwenye mradi wa umwagiliaji. Ulikuwapo mpango ulioandikwa, uliojulikana kwa jina la Cowan, ofisa wa magereza aliyeuandaa: waliokataa wapelekwe kazini, na wakiendelea kukataa walazimishwe. Askari waliwapiga kwa virungu. Watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa miili ukaonyesha majeraha ya kupigwa, na Julai mwaka huo mambo yakafika kwenye Bunge la Uingereza, ambako hata mbunge wa chama tawala, Enoch Powell, aliisema vikali serikali ya chama chake.

Itazame kwa karibu ile taarifa ya maji. Iliandikwa kwa lugha ya kawaida ya ofisi, haina hasira wala wasiwasi ndani yake, na kama usingekuwapo ushahidi wa madaktari ingeingia kwenye historia kama ajali ya mradi wa umwagiliaji. Ndiyo maana napenda kila karatasi ya mradi ipatiwe karatasi ya kuipinga: ripoti ya meneja isomwe pamoja na ya daktari, na barua ya DC pamoja na malalamiko ya wenyeji. Ukiwa na upande mmoja tu, andika kwamba una upande mmoja tu.

Swali la lango ndilo linalokuvusha hadi baada ya uhuru, na hapa watafiti wengi hukoma mapema mno. Mkulima wa Mwea alipewa ekari nne, lakini kwa leseni. Hakuwa mwenye shamba. Kanuni za 1962 zilimpa meneja kauli juu ya nini kilimwe na lini, mifugo gani ifugwe, na mkulima akae wapi. Mpunga wenyewe ulikabidhiwa mradi. Bendera ilibadilika Desemba 1963. Mwaka 1966 ikaja Sheria ya Umwagiliaji na Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, na utaratibu ule wa leseni na meneja ukaendelea. Ukitaka kuelewa kwa nini wakulima wa Mwea waliinuka dhidi ya bodi mwishoni mwa miaka ya 1990, soma kwanza kanuni za 1962, kifungu kwa kifungu. Kisha linganisha na Gezira ya Sudan, iliyopata maji ya Bwawa la Sennar mwaka 1925. Huko pia mkulima alikuwa mpangaji, akipata asilimia 40 ya mapato ya pamba, huku iliyobaki ikienda kwa serikali na kampuni.

Kumbuka pia kwamba leseni ya kawaida ilikuwa ya mwanamume, ilhali kupandikiza na kupalilia mpunga kulifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake. Wao hawakuwa na mahali pa kuandikwa kwenye rejista ya wapangaji. Habari zao utazipata kwa kuuliza.

Kilimanjaro inafundisha jambo la namna nyingine, maana mifereji ilikuwapo kabla ya mkoloni kufika. Mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, ilikuwa na wenyewe: ukoo ulioufungua mfongo, mzee aliyepanga zamu, siku za kusafisha, na faini kwa asiyejitokeza. Wageni wa karne ya 19 waliisifu. Baadaye maofisa wakaanza kuandika kwamba inapoteza maji. Ukikutana na neno hilo, uliza yanapotea kwa nani. Huko chini ya Mto Pangani kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, na tangu miaka ya 1930 mitambo ya umeme kwenye maporomoko. Halafu zikaja sheria za maji za Tanganyika, ya 1948 na ya 1959, na haki ya maji ikawa jambo la kuombwa kwa serikali na kuandikwa kwenye hati. Usiwaandike wenye mifongo kama watu waliosubiri kufundishwa umwagiliaji.

Na wakati mwingine lango liko mbali na unapolitafuta. Kwa mkataba wa tarehe 7 Mei 1929, Uingereza iliiahidi Misri kwamba kazi za umwagiliaji au umeme zitakazopunguza maji yake hazitafanywa kwenye Nile, matawi yake wala maziwa yake, katika nchi zilizo chini ya Waingereza, bila Misri kukubali. Ukishangaa kwa nini mradi fulani wa upande wa Ziwa Victoria ulibaki kwenye karatasi, usiishie kwenye mafaili ya Nairobi na Dar es Salaam tu. Tanganyika ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na mkataba huo.

Vipimo havihitaji maneno mengi: futi moja ya ujazo kwa sekunde ni lita 28 na kidogo, na feddan moja ya Misri au Sudan ni hekta 0.42. Bajeti za Kenya za wakati ule zinaruka kati ya pauni na shilingi, 20 kwa moja. Badilisha hapo hapo unaponakili, na uache namba ya asili kando yake.

Fahamu pia kwamba sehemu ya mafaili yetu ilisafirishwa kwenda Uingereza wakati wa uhuru. Serikali ya huko ilikiri kuwa nayo mwaka 2011, kufuatia kesi ya wazee wa Mau Mau, na sasa yanasomwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza huko Kew, London, kwenye mfululizo wa FCO 141. Ukikuta pengo Nairobi, angalia huko kabla ya kusema yaliteketezwa, ingawa mengine yaliteketezwa kweli.

Kuhusu ratiba, kibali cha utafiti kutoka tume za sayansi na teknolojia, NACOSTI kwa Kenya au COSTECH kwa Tanzania, kiombe mapema. Ukikipata, usianzie kwenye maktaba. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1954 sasa amepita 90, na mafaili yatakuwapo hata mwakani. Kama fedha zako zinatosha safari moja tu, nenda Mwea baada ya mavuno, watu wanapokuwa na nafasi, ukiwa na ramani ya zamani, na umwombe mzee akuonyeshe mfereji upi ulichimbwa kwanza na ni kambi gani iliyotoa wachimbaji.